Kufuli Bila Kumjua Mwenye Ufunguo: Namna ya Kufunga Ujumbe Kwenye Kompyuta ya Linux

Ndugu msomaji, dada msomaji, na wewe jirani usiye Mwislamu lakini unatufuata hapa, bwakire buya. Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya wenzetu wanaojitolea kusaidia mashahidi na familia zilizo hatarini Kisii na Nyamira. Wengi hawakufika, mvua ya jioni huku kwetu mnaijua wenyewe. Basi nimeyaandika ili uyasome kwa wakati wako, na ikiwezekana uwe na kompyuta mbele yako, kwa sababu mbele kidogo tutafanya kazi kwa mikono.

Nianze na kisa.

Kulikuwa na bibi mmoja. Sitamtaja jina, wala kijiji, na mwisho wa mazungumzo haya utajua kwa nini. Majirani walianza kumnong'ona kwamba ni mchawi. Sihitaji kukueleza neno hilo likianza linaishia wapi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma hiyo hiyo. Kwa hiyo tuliposikia minong'ono, hatukungoja. Tulimhamisha bibi usiku, akakae kwa watu wengine, mbali na kwake. Waliojua nyumba alikofikia tulikuwa wawili: mimi na aliyeendesha gari. Dada mmoja mwenzetu, anayeshughulikia dawa zake za presha, alijua tu kwamba amehamishwa. Hakujua wapi. Tulipanga hivyo makusudi.

Wiki mbili baadaye, saa nne usiku, ujumbe ukaingia kwenye laptopu yangu. Jina lilikuwa la yule dada. "Dawa ya bibi nimeipata. Nielekeze nyumba, nimpelekee kesho asubuhi."

Nikwambie ukweli, vidole vilishaanza kuandika. Nilikuwa nimechoka, na dawa ni dawa. Ndipo nikaona neno moja dogo kwenye dirisha la mazungumzo: "Unverified". Maana yake, huyu unayeongea naye hajathibitishwa. Jana yake mahali hapo hapo palikuwa na neno "Private". Nikaacha kuandika, nikachukua simu nikampigia.

"Mimi? Sijaandika kitu. Nimelala."

Siku chache kabla, alikuwa amefungua akaunti yake kwenye kompyuta ya saiba, akaiacha nenosiri ikiwa imehifadhiwa. Mtu akaingia. Ni nani, mpaka leo hatujui. Lakini jambo ninalotaka ulibebe ni hili: ujumbe ule ulikuwa umefungwa. Usimbaji fiche ulikuwepo na ulikuwa unafanya kazi vizuri kabisa. Hakuna mtu njiani angeweza kuusoma. Isipokuwa aliyekuwa upande wa pili wa kufuli hakuwa yeye.

Watu wengi tukifundishwa usalama wa ujumbe tunafundishwa kufunga. Hatufundishwi kuuliza ufunguo wa pili yuko nao nani. Mazungumzo haya ni ya hilo swali la pili.

LAKINI WHATSAPP SI IMEFUNGWA TAYARI?

Najua hilo ndilo swali lako, maana liliulizwa kabla sijamaliza kusalimia. Ndiyo, imefungwa. Tangu 2016 WhatsApp hufunga ujumbe kutoka simu hadi simu, na mfumo inaoutumia ni ule ule wa Signal. Sisemi uiache. Nasema ujue inaishia wapi.

Kwanza, WhatsApp inaishi juu ya namba yako ya simu, na Kenya laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho. Kwa hiyo akaunti ni wewe mwenyewe, na jina lako la serikali. Pili, nakala ya mazungumzo inayowekwa Google Drive haifungwi na ufunguo wako, mpaka wewe mwenyewe uwashe ulinzi huo kwenye mipangilio. Ulianza kutolewa 2021, na mpaka leo nikiuliza ukumbini ni nani ameuwasha, mikono inayonyanyuka naihesabu kwa vidole. Tatu, ni zile grupu zetu. Grupu ya watu 180, nusu yao huwajui, halafu mtu anatuma picha ya kitambulisho cha shahidi. Hapo hakuna kufuli duniani litakalokusaidia.

Wapo pia wanaoniambia, "Sisi tunaandika kwa Ekegusii, nani ataelewa?" Ndugu yangu, sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Wengi wao wanaelewa Ekegusii. Na wanaomtafuta bibi ni majirani zake, hawatoki ng'ambo. Ekegusii ni lugha, si kufuli.

Na ukibadilisha herufi kwa ujanja wako mwenyewe, hilo nalo lilishapitwa na wakati zamani. Zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, huko Baghdad, mwanachuoni Al-Kindi aliandika risala kuhusu kuvunja maandishi ya siri. Njia yake ni nyepesi kueleza: hesabu herufi. Kila lugha ina herufi inayojirudia kuliko nyingine. Kwa Kiswahili ni a. Ukiandika k kila mahali palipokuwa na a, anayesoma kwa makini ataona k zimejaa kupita kiasi, na atajua umeficha nini. Siri ya kienyeji inavunjwa kwa kalamu na karatasi. Kwa hiyo tutumie hesabu zilizopimwa na wataalamu hadharani miaka mingi.

HAKI YAKO, NA DENI LAKO

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kinataja waziwazi faragha ya mawasiliano. Hivyo usikubali mtu akwambie kwamba kufunga ujumbe ni dalili ya uhalifu. Mwaka 2017 shirika la Privacy International lilitoa ripoti iitwayo Track, Capture, Kill, ikieleza jinsi mawasiliano ya simu yanavyofuatiliwa Kenya kwa jina la kupambana na ugaidi. Sisi tunaolengwa na jina hilo mara nyingi tunajua vizuri thamani ya Kifungu cha 31.

Lakini upande wa pili ni sisi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haiwabani wakubwa peke yao. Mtu anayekusanya majina ya watu, afya zao, imani zao na mambo ya familia zao amebeba mzigo wa kisheria, awe ofisi kubwa au awe kijana mwenye laptopu chumbani. Kwa Mwislamu kuna mzigo juu ya huo: lililosemwa kwenye kikao ni amana, na Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza kupelelezana. Ukiacha majina ya mashahidi wazi, umemfanyia mpelelezi nusu ya kazi yake.

KWA NINI LINUX

Sababu yetu ni ya mfukoni kwanza. Laptopu tulizo nazo ni za mitumba, na mpya hazinunuliki. Linux ni ya bure, haihitaji leseni ya kuibiwa, na inaifufua mashine iliyokwisha kukatiwa tamaa. Ukitumia Ubuntu, Linux Mint au Debian, amri nitakazotoa ni zile zile.

Kitu kimoja kabla ya vyote. Wakati wa kuweka Linux, kisakinishi kitakuuliza kama unataka kufunga diski nzima kwa nenosiri. Kubali. Ni alama moja ya tiki, na ni vigumu sana kurudi kuifanya baadaye bila kusakinisha upya. Kama laptopu yako tayari ina Linux na diski haijafungwa, hamisha faili zako, anza upya. Nitakueleza hapo chini kwa nini.

HATUA YA KWANZA: KUWEKA PROGRAMU

Programu tutakayotumia ni Pidgin. Ni nyepesi na ya siku nyingi, na laptopu dhaifu inaibeba bila kulalamika. Pidgin yenyewe haifungi ujumbe kutoka kwako hadi kwa mwenzako. Inaongezewa kipande kinachoitwa OTR. Wazo la OTR lilichapishwa 2004 na Nikita Borisov, Ian Goldberg na Eric Brewer. Walitaka mazungumzo ya kompyuta yafanane na ya watu wawili waliokaa pembeni: wanasikizana wao tu, na maneno yakiisha yameisha.

Fungua dirisha la amri, linaloitwa tamino, andika:

sudo apt update
sudo apt install pidgin pidgin-otr

Itakuuliza nenosiri la kompyuta. Ukiandika, herufi hazitaonekana kwenye skrini. Usishtuke, haijaharibika, andika tu ubonyeze Enter. Akina mama wawili walifikiri kibodi imekufa.

HATUA YA PILI: AKAUNTI

Tunatumia akaunti ya XMPP. Uzuri wake ni kwamba haidai namba ya simu. Inafanana na anwani ya barua pepe: jina, alama ya @, kisha jina la seva. Seva za umma ziko nyingi. Nyingine zinakuruhusu kufungua akaunti ndani ya Pidgin yenyewe, nyingine zinakutaka upitie tovuti yao.

Usijiite kwa jina lako kamili. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Wala usiweke jina la wadi.

Kwenye Pidgin, nenda "Accounts", kisha "Manage Accounts", kisha "Add". Chagua XMPP, jaza jina na seva. Mahali pa kuhifadhi nenosiri, "Remember password", usitie tiki. Pidgin ikihifadhi nenosiri huliandika kwenye faili lililo wazi, mtu akifungua anasoma kama gazeti. Kisha kwenye ukurasa wa "Advanced" hakikisha imechaguliwa "Require encryption". Hiyo inafunga njia kati ya laptopu yako na seva. Lakini mwenye seva bado anaweza kusoma. Ndiyo maana tunaendelea.

HATUA YA TATU: KUWASHA OTR NA KUTENGENEZA UFUNGUO

Nenda "Tools", kisha "Plugins". Tafuta "Off-the-Record Messaging", itie tiki. Bonyeza "Configure Plugin". Chagua akaunti yako, bonyeza "Generate". Mashine itafikiri kidogo, kisha itakuonyesha mstari wa herufi na tarakimu: makundi matano, kila moja lina alama nane, jumla 40. Hiyo ni alama ya kidole ya ufunguo wako. Si siri. Unaweza kumpa mwenzako bila hofu. Kazi yake ni kumwezesha kukutambua.

Ukiwa hapo hapo, tia tiki mambo mawili. La kwanza ni "Require private messaging", ili Pidgin isikubali kutuma ujumbe usiofungwa hata ukisahau. La pili ni "Don't log OTR conversations", ili mazungumzo yaliyofungwa yasiandikwe kwenye diski. Watu wanaruka hili la pili. Halafu wanabaki na kufuli la chuma mlangoni, na nakala ya kila neno mezani ndani ya nyumba.

HATUA YA NNE: KUFUNGUA MAZUNGUMZO

Mwenzako naye afanye hatua hizo tatu. Mkiwa wote hewani, fungua dirisha lake. Utaona neno "Not private". Bonyeza hapo, chagua "Start private conversation". Kompyuta zenu mbili zitakubaliana ufunguo wa muda, wa mazungumzo hayo. Ufunguo huo hubadilishwa mara kwa mara na wa zamani hutupwa. Faida yake ni kwamba hata mtu akichukua laptopu yako kesho, ufunguo atakaoukuta hautamfungulia ujumbe wa jana alioudaka njiani.

Sasa neno litabadilika. Litasema "Unverified". Na hapa, ndugu yangu, ndipo watu tisa kati ya kumi ninaowafundisha wanapopiga makofi na kufunga laptopu. Wameona ujumbe umefungwa, wanadhani safari imeisha.

Haijaisha. Kumbuka saa nne usiku.

HATUA YA TANO: KUMTHIBITISHA MWENZAKO

Bonyeza lile neno "Unverified", chagua "Authenticate buddy". Utapewa njia tatu.

Ya kwanza ni swali na jibu. Unaandika swali, unaandika jibu lake upande wako, mwenzako anaona swali peke yake, naye anaandika jibu. Mashine zinalinganisha majibu mawili bila kuyaonyesha kwa yeyote, hata kwa mtu aliyekaa katikati. Yakifanana, mwenzako amethibitishwa.

Lakini uliza swali la maana. Usiulize jina la mama, usiulize shule aliyosoma, hayo kijiji kizima kinajua. Uliza jambo la wawili. "Siku gari lilipotukwamia Nyansiongo tulikula nini?" Na jueni kwamba mashine ni kali kuliko mwalimu wa insha. Mmoja akiandika Chinsaga kwa herufi kubwa na mwingine chinsaga kwa ndogo, itakataa. Ukiongeza nafasi mwishoni, itakataa. Tulikubaliana sisi: herufi ndogo, neno moja, bila nukta. Wewe na mwenzako mkubaliane vyenu.

Tena, swali lako linamthibitisha yeye kwako. Halikuthibitishi wewe kwake. Kwa hiyo naye akuulize la kwake. Msioneane haya, hii si dharau. Mbona ukigonga mlango usiku unaulizwa "nani?" na hukasiriki?

Njia ya pili ni neno la siri mlilokubaliana kabla, mkiwa mmekaa pamoja. Ya tatu ni kulinganisha zile alama 40, moja baada ya nyingine. Kama mnaonana mara kwa mara, sokoni Daraja Mbili au baada ya swala, hii ya tatu ndiyo naipenda. Andika alama yako kwenye karatasi, mpe mkononi. Inachukua dakika mbili. Msipoweza kuonana, someaneni kwa simu, mradi sauti unaijua na mnaongea pia mambo mengine yanayokuhakikishia ni yeye.

Neno likibadilika kuwa "Private", sasa mko wawili kweli.

Likirudi kuwa "Unverified" siku yoyote, acha kuandika. Usitume hata "sawa". Pengine mwenzako amebadilisha laptopu, maana kila kompyuta ina ufunguo wake, na hilo ni jambo la kawaida. Pengine siye. Huwezi kujua kwa kuangalia skrini. Mpigie, au subiri muonane, kisha mthibitishane upya. Na ukiona neno "Finished", maana yake mwenzako amefunga mazungumzo upande wake. Pidgin itakataa kutuma mpaka uamue. Imekataa kwa faida yako, isije ikatuma ujumbe wazi wakati wewe unadhani umefungwa.

KISICHOFUNGWA

Nisingekuwa mkweli nikikuacha hapa ukidhani sasa uko ndani ya ngome.

OTR ni ya watu wawili, na wote wawe hewani kwa wakati mmoja. Haifanyi kazi kwa grupu. Mkitaka grupu, au mkitaka ujumbe umsubiri mtu mpaka awashe simu yake, kuna mfumo mwingine uitwao OMEMO, uliotoka 2015. Kwenye Linux unaupata ndani ya programu ya Gajim, na kwenye simu za Android ndani ya Conversations. Akaunti yako ya XMPP ni ile ile. Kanuni ni ile ile pia: kila kifaa kina alama yake, na alama inathibitishwa na watu, haijithibitishi yenyewe.

Pili, seva inajua nani ameongea na nani, na saa ngapi. Kilichofungwa ni maneno, mahusiano hayajafungwa. Ndiyo maana nilisema usijiite kwa jina lako.

Tatu, na hili ndilo zito, kufuli linalinda ujumbe ukiwa njiani. Halilindi kifaa. Mei 2025 watengenezaji filamu kadhaa walikamatwa Nairobi, vifaa vyao vikachukuliwa na polisi. Vilipokuja kurudishwa, watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walivipima, wakakuta programu ya kupeleleza iitwayo FlexiSPY imewekwa ndani, wakati vifaa havikuwa mikononi mwa wenyewe. Programu kama hiyo haihitaji kuvunja kufuli. Inasoma skrini yako kama unavyoisoma wewe.

Kwa hiyo, kifaa kilichotoka mikononi mwako kikarudi, usikiamini tena kwa kazi ya mashahidi, hata kama kimerudi kimepanguswa kinang'aa. Iwe ni polisi, iwe ni fundi, iwe ni binamu aliyekiazima siku tatu. Laptopu ya Linux unaweza kuifuta na kuanza upya. Ukianza upya utakuwa na ufunguo mpya, na wenzako wote wataona "Unverified". Waambie ana kwa ana kabla hawajaliona.

Na hapa ndipo ile diski iliyofungwa inapokuja. Ufunguo wako wa OTR umekaa kwenye faili la kawaida ndani ya folda ya Pidgin, bila kufuli lake lenyewe. Mtu akiichomoa diski yako iliyo wazi na kuichomeka kwenye mashine yake, anauchukua, na tangu siku hiyo anaweza kujifanya wewe mbele ya watu waliokuthibitisha. Diski ikiwa imefungwa na laptopu imezimwa, hana anachokipata. Nimesema imezimwa. Kufunika kifuniko tu hakutoshi. Ukisafiri, zima kabisa.

NA WEWE USIYE NA LINUX?

Soma tena hatua ya tano, kwa sababu inakuhusu. Kwenye WhatsApp, fungua jina la mtu, shuka mpaka mahali pa usimbaji. Utaona tarakimu 60 na mraba wa kupiga picha kwa kamera. Mkikutana, linganisheni. Halafu kwenye mipangilio washa arifa za usalama, ili ujulishwe namba ya mwenzako inapobadilika. Signal nayo ina tarakimu 60 za namna hiyo. Programu ni nyingi, lakini kazi ya kumjua mwenye ufunguo ni moja, na hakuna kampuni inayoweza kuifanya kwa niaba yako.

TUFANYE NINI WIKI HII

Chagua mtu mmoja. Usianze na grupu nzima, utachoka. Mtu mmoja ambaye mnabadilishana habari ambayo ikivuja itamuumiza mtu wa tatu. Kaeni chini saa moja, wekeni programu, thibitishaneni ana kwa ana. Kisha futeni ya zamani: kumbukumbu za mazungumzo zilizohifadhiwa, picha za vitambulisho, orodha za majina mlizotumiana miaka iliyopita na hamzihitaji tena. Habari ambayo huna, haiwezi kuibwa kwako.

Pia jiulizeni: nani anahitaji kujua? Bibi wetu hakuokolewa na kompyuta peke yake. Yule dada hakujua nyumba, kwa hiyo aliyeiba akaunti yake alilazimika kuuliza. Alipouliza, tulimwona. Angekuwa anajua, mwizi angelisoma jibu kwenye mazungumzo ya zamani bila kumuuliza mtu, na mimi ningelala nisijue lolote.

Baada ya usiku ule tulimhamisha bibi tena, kwa tahadhari tu. Alichoka, akalalamika kwamba tunamzungusha kama mzigo wa ndizi. Ana haki ya kulalamika. Alipaswa kuwa kwake, kwenye kahawa zake na wajukuu zake, asiwe mtu wa kufichwa. Kufuli la kompyuta halitamrudishia hilo. Hiyo ni kazi nyingine, ya wazee wa kijiji, ya machifu, ya mahakama, na ya mimi na wewe kusema ukweli tunaposikia mtu ananong'onwa. Lakini mpaka siku hiyo ifike, mahali anapolala ni amana mikononi mwetu.

Ukikwama kwenye hatua yoyote, njoo uulize, tutakaa nawe mpaka ifanye kazi. Ila usiandike jina la shahidi wala kijiji chake hapa ukurasani, hata kwa nia njema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.